Tiketi Anayo, Njia Ninayo Mimi

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Papa Firmin amekuja tena kuomba njia. Nimekuwa kiziwi.

Wiki iliyopita nilikuwa nimelala. Juzi nilikuwa naswali. Niliswali rakaa nyingi hata binti yangu Diane akachungulia kuona kama nimefia kwenye msala. Leo usingizi ulikataa na wakati wa sala ulikuwa bado, basi yakabaki masikio. Alisema, nikasema ee? Akasema tena, nikamjibu kwamba kweli, mkaa umepanda bei. Akanyoosha tai yake, akaenda zake.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau nilikuwa na akili kiasi gani. Firmin ni fundi cherehani, Mkongomani wa Uvira, jirani yangu hapa ugenini Jeppestown, ukuta kwa ukuta. Binti yake Murielle yuko Kanada. Amemwita akakae naye, kukaa kabisa. Karatasi zimetoka, ndege ni Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini kwao Uvira na kwetu Bujumbura ziwa ni lile lile na adabu ni ile ile: mtu haondoki kama mwizi. Anaomba njia. Anayebaki akimwambia nenda salama, ameipata. Asipoambiwa, mwenye adabu anakaa tena kitako. Na Firmin ana adabu mpaka inamchosha mwenyewe. Huyu ni mtu anayevaa tai kwenda kununua nyanya.

Basi. Viza anayo. Tiketi anayo. Njia ninayo mimi.

Jioni tumecheza drafti barazani kwa vizibo vya soda. Kanifunga. Nikamwambia angemstahi mkubwa wake. Akasema mkubwa ni yeye. Tukabishana kama kawaida: mimi nasema nilizaliwa mwaka wa nzige, yeye anasema nzige walikuja mara mbili. Miaka yote hatujapatana. Kanada atabishana na nani? Na theluji?

Si kwamba nitamkumbuka. Ni kwamba ukuta utakuwa kimya, na ukimya hunijaza gesi.

Jumanne, 4 Oktoba

Mungu mkubwa! Dawa nimeipata. Ilikuwa chini ya kiti saluni kwa Diane, ambako mimi ni meneja. Kazi ya meneja ni kufagia nywele na kuwatazama vibaya wanaosimama mlangoni bila nia ya kusuka.

Mteja ameacha karatasi ya rangi inayotangaza nyumba ya kale, nje ya mji kule kwenye vilima. Inaitwa Stonemere. Bustani, bwawa, tausi. Kuna picha ya bwana mwenye masharubu kama pembe za ng'ombe wa kifalme, na bibi mwenye kofia kubwa kuliko chumba changu. Jumamosi milango iko wazi kwa watu wote, bure. Kiingereza changu ni cha darasa la nne na cha barabarani, lakini haya nimeyasoma mwenyewe kwa kidole: Sir Mortimer na Lady Edith wanakukaribisha nyumbani kwao.

Nimeyatazama madirisha kwenye picha. Hayahesabiki. Na dirisha ni nini? Dirisha ni pazia ambalo bado halijashonwa.

Sasa mpango. Tunamtembelea Sir. Tunasalimiana. Firmin anaona kwamba nchi hii ina uzuri ambao imewaficha watu wa Jeppestown. Halafu mimi, taratibu, namwambia Sir: huyu unayemwona ni fundi. Sir anayatazama madirisha yake, anamtazama Firmin. Mapazia ya nyumba ile ni kazi ya miaka miwili. Mitatu, kama fundi ni wa kupima mara mbili kama Firmin. Viza inaoza. Murielle anaelewa. Kwisha!

Nimemweleza Diane. (Jina hilo alilichagua mama yake, Mungu amrehemu, Mkatoliki aliyenishinda katika kila kura.) Alikuwa na sindano ya kushonea nywele mdomoni na kichwa cha mteja magotini. Akasema haya Baba, haya. Hiyo ni ruhusa. Mumewe Jean-Claude ana bakkie, pikapu ya kuhamishia watu vyombo. Nimemwambia gari lake linakohoa, na dawa ya kikohozi cha gari ni barabara ndefu. Akasema gari halikohoi. Nikasema ndivyo linavyoanza. Amekubali. Kijana mwema, hana msimamo.

Jumatano, 5 Oktoba

Leo ilikuwa kumnasa Firmin. Ukimwambia twende matembezi anasema anafunga mizigo. Kwa hiyo sikutaja matembezi. Nilisema nina ugeni kwa mtu mkubwa, na sina msemaji.

Loo, uso wake! Huyu ndiye msemaji wa posa zote kutoka Yeoville mpaka hapa. Kijana akitaka mchumba, familia inamtuma Firmin. Hajakataliwa isipokuwa mara moja, na siku hiyo alihutubia mpaka wakampa kijana dada mtu. Akavuta kiti. Akauliza mwenyeji ni nani. Nikasema ni Sir. Ukoo wake? Nikasema ukoo wa dhahabu. Ana watoto? Nikasema wametawanyika. Mke? Nikamwonyesha ile kofia ya pichani. Akauliza tunakwenda kuomba nini. Nikasema hilo nitamnong'oneza huko huko. Akasema msemaji asiyejua anachoomba ni kasuku. Nikasema basi, nitamwendea Lambert. Lambert ni mpinzani wake, hutumia kipaza sauti hata chumbani. Firmin akasema haitafika huko.

Ikabaki zawadi. Mkono mtupu haubishi hodi. Mimi nikasema biskuti. Firmin akasema biskuti ni za mgonjwa. Bwana wa nyumba hupelekewa kuku, mzima, mweupe, asiye na kasoro. Tukaenda kwa wauza kuku wa barabarani. Aliwakagua mmoja mmoja kama askari wa uhamiaji: macho, miguu, tabia. Muuzaji akamwuliza kama anataka kumla au kumwoa. Aliyepita mtihani ni jike mwenye dharau. Sasa yumo chini ya kitanda changu, ananitazama kama mwenye nyumba.

Alipokuwa anaondoka, Firmin akageuka mlangoni. Akavua kofia. Akaanza: Burhani, ndugu yangu, mimi ninaomba... Nikakohoa. Nilikohoa mpaka kuku akaruka. Firmin akavaa kofia yake.

Alhamisi, 6 Oktoba

Balaa! Cherehani haipo.

Nilipitia kwake kuazima kioo. Chumba kimekuwa kikubwa. Pale ilipokuwa cherehani pamebaki alama za miguu yake sakafuni, na hewa. Amempa Brigitte, yule msichana mshonaji wa ghorofani. Amempa tu! Mapazia ya Sir atayashona kwa meno?

Nikapanda kwa Brigitte. Nikamweleza kwa huruma kwamba cherehani ile ina jini. Nikasema giza likiingia hushona yenyewe. Brigitte akasema afadhali, ana sare za kwaya nzima, jini limsaidie upande wa sauti ya nne. Nikasema huuma vidole. Akanionyesha vidole, vyote vipo. Kisha akaniwekea chai ya tangawizi, akaniambia nikae, Mzee, umepanda ngazi nyingi. Akaendelea kushona. Na ile sauti, tak-tak-tak, ni ile ile inayopita ukutani kwangu kila asubuhi, mimi kitandani ninamtukana Firmin kwa kuniamsha.

Nikashuka bila cherehani. Ngazi za jengo hili zina vumbi sana. Macho yaliniwasha mpaka chini.

Mpango haujafa. Sir atakuwa na cherehani yake. Mtu anafuga tausi, atakosa cherehani?

Ijumaa, 7 Oktoba

Maandalizi. Diane amepika chapati na maharage, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga. Nimemwambia anajisumbua, Sir atachinja. Akanitazama. Akasema Baba, hebu niione hiyo karatasi vizuri. Nikasema nimeiweka mahali pa usalama. Ilikuwa mfukoni. Akiisoma huyu ataanza maswali, na Adamu alifukuzwa kwa udadisi mdogo kuliko huo.

Firmin amekataa niende na koti langu lilivyo. Mikono mirefu, mabega yananing'inia, eti naonekana nimelivua mtu aliyekuwa bado analitumia. Akanisimamisha juu ya kreti barazani, pini mdomoni, akaanza kulipunguza mgongoni. Cherehani hana, basi alishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, jua likahama kutoka ukuta huu hadi ule. Nikamwambia bega la kushoto limekuwa fupi. Akasema ni mimi niliyepinda. Nikamwambia Kanada watamrudisha kwa kazi mbovu. Akavuta uzi. Alipofika kwenye kifungo cha mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Alhamisi iko karibu na yeye bado hajapewa.

Nikapiga kelele kwamba amenichoma pini.

Hakuwa amenichoma. Pini zote zilikuwa zimesharudi kwenye kikopo. Akanitazama. Mimi nikatazama barabara.

Koti limekaa vizuri. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Oktoba

Miguu imevimba, lakini niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Tuliondoka asubuhi. Diane na Jean-Claude mbele; nyuma wazee, kuku, sufuria, na godoro la mteja ambalo Jean-Claude hajalipeleka. Kila tukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, watu walimsalimia kuku kwanza. Jean-Claude akapotea mtaa wa Observatory, mahali ambapo hapakuwa njiani kabisa, lakini jacaranda zilikuwa zimeanza kule, zambarau juu na zambarau chini. Nikamwambia Firmin atazame, Kanada hawana rangi hii. Akasema kwa Murielle kuna mti ambao mwezi huu unakuwa mwekundu wote. Nikasema mti mwekundu ni mti mgonjwa. Baada ya hapo akaendelea na mazoezi ya hotuba, upepo ukimnyang'anya maneno na tai ikimpiga makofi.

Stonemere! Lango. Barabara ya kokoto. Halafu nyumba yenyewe, mawe matupu, na madirisha juu ya madirisha. Nikambinya Firmin. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta. Waridi zimepangwa mistari. Tausi anatembea kama karani aliyekwisha pokea mshahara. Firmin akaisahau hotuba yake. Nikasema moyoni, huyo, amemeza ndoano.

Mlangoni alikuwepo mama wa Kizungu, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni, anawapokea wageni. Mimi nilitaka kuingia moja kwa moja. Firmin akanishika koti. Mlango wa mtu hauvamiwi. Akavua kofia, akamwinua kuku mbele yake kwa mikono miwili, akabisha hodi kwa sauti yake ya posa. Diane akatafsiri, kwa uso wa mtu anayetamani angezaliwa ukoo mwingine. Firmin akasema sisi ni watu wa ziwani. Tumeupata mwaliko wa bwana wa nyumba hii na bibi yake. Hatukuja mkono mtupu. Tunaomba watoke tuwaone.

Mama akamtazama kuku. Kuku akamtazama mama. Wakaongea na Diane Kiingereza cha haraka, kisha Diane akanigeukia. Si Firmin, mimi. Akasema Baba, wamekufa. Wote wawili. Bwana huyo alikufa kabla wewe hujazaliwa. Watu huja hapa kutazama nyumba tu.

Nilitamani ardhi initafune. Na mapazia yangu! Nikachungulia ndani. Kila dirisha lina pazia lake tayari, zito, jekundu, na mbele yake kamba ya kukuzuia hata usilipumulie.

Mtu mwingine angecheka. Jean-Claude alicheka. Firmin akamtazama mara moja tu, Jean-Claude akakimeza kicheko. Firmin akasema habari ya msiba haizeeki. Kwa anayeisikia leo, mtu amekufa leo. Tumefika nyumbani kwa watu, tumeambiwa mwenyewe hayupo. Tugeuke tu, kama tuliokuja kuuliza bei? Akamkabidhi yule mama kuku, akamwambia tangu sasa si zawadi tena, ni rambirambi. Akampa pole, mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Kisha akatembea mpaka kwenye nyasi mbele ya nyumba, akatandaza kitambaa, akaketi chini, kofia magotini.

Tukaketi. Ungefanya nini?

Matanga ya Sir Mortimer.

Watu walikuwa wengi bustanini. Familia moja ya Kihindi, bibi na wajukuu, wakatuona, wakadhani ni sehemu ya ratiba, wakaketi. Vijana wawili walioshikana mikono wakaketi. Yule mama alisimama kidogo na kuku wake, akavua viatu, akaketi pia. Baadaye Diane aliniambia maneno yake. Alisema watu huingia hapa wakiuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyewahi kuja kuipa nyumba hii pole.

Mimi nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nafikiria chapati. Kisha nikainamisha macho, na mbele yangu ni viatu vya Firmin. Amevipaka rangi upya. Amevitia soli mpya. Viatu vya kwenda mbali.

Nikalia. Si machozi ya adabu, yale ya kupangusa na kidole. Nililia kwa mabega. Nilimlilia Sir. Mtu na bustani yake namna ile, kuiacha! Watu wakaniangalia kwa heshima. Bibi wa Kihindi akanipa kitambaa. Mama wa kuku akauliza kama nilikuwa na undugu na marehemu. Diane akamjibu ndiyo, wa karibu sana.

Firmin hakunigeukia. Akaweka mkono mgongoni kwangu, pale pale alipolipunguza koti, akauacha hapo.

Ndipo mawingu. Ya hapa hayatumi salamu, huja meusi mchana kweupe kama askari wa kodi. Jean-Claude akauliza polepole kama tunaweza kwenda, nyuma ya bakkie hakuna turubai. Firmin akamjibu, lakini alinitazama mimi. Akasema matanga hayavunjwi na mvua. Huvunjwa na mkubwa wa kikao. Yeye ndiye anayetoa njia kwa wote walioketi. Asipotoa, tutabaki hapa tulowe.

Nikasema basi atoe, si yeye ndiye mkubwa kila siku.

"Kila siku nabisha," akasema Firmin. "Leo nakubali mbele ya watu hawa. Mkubwa ni wewe, Burhani. Tupe njia."

Mtego! Mshona watu huyu! Miaka yote nautaka ukubwa, amenipa siku ambayo una mzigo juu yake. Wote wananitazama: Wahindi, wapenzi, mama, kuku. Ngurumo ya kwanza. Nikautafuta uziwi wangu, haupo. Nikakitafuta kikohozi, koo safi. Nikamtazama tausi, labda ana shauri. Hana.

Firmin alikuwa ameketi vile vile, mgongo umenyooka, lakini ncha ya tai yake ilikuwa inatetemeka. Upepo ulikuwa bado haujafika. Nikaelewa kwamba mtu huyu anaogopa. Anakwenda kwenye baridi na mvi zake, hamjui mtu huko ila mtoto wake, na mimi wiki zote hizi namkoholea usoni.

Nikasimama. Magoti yalinguruma kuliko radi.

"Nendeni salama," nikasema. "Nyote. Na anayekwenda mbali zaidi, aende salama zaidi."

Diane akatafsiri. Watu wakainuka, wakapeana mikono hata wasiojuana. Firmin akakikunja kitambaa chake pembe kwa pembe. Hakunitazama. Akasema, "Nimeipata."

Liandikwe wazi: mimi si mjinga. Mtego niliuona. Nilitoa kwa sababu ya mvua. Bakkie haina turubai.

Kuku tumemwacha. Tulipokuwa tunapanda gari alikuwa anamkimbiza tausi kuzunguka bwawa, na yule mama akapunga mkono, akasema mwacheni, ameshakuwa mwenyeji. Mvua ilitukuta kabla ya barabara kubwa. Wazee wawili tukajifunika godoro la mteja, kama maharage ndani ya chapati. Humo ndani nikamkumbusha nani mkubwa. Akasema hayo yalikuwa ya matanga, matanga yamekwisha. Tumebishana nzige mpaka Jeppestown.

Jumapili, 9 Oktoba

Mafua. Na Firmin ana mafua. Tunakohoa kwa zamu, yeye upande wake wa ukuta, mimi upande wangu. Leo kikohozi changu ni cha kweli na hakuna anayekiamini.

Nimepata wazo. Nasikia mwenye homa hazuiliwi na adabu, huzuiliwa na daktari. Nimemtuma Diane ampelekee Firmin maji baridi sana.

Diane amempelekea supu ya moto. Nyumba hii imejaa wasaliti.

Alhamisi, 13 Oktoba

Uwanja wa ndege. Nilisema siendi. Nilikuwa wa kwanza garini.

Firmin na suti, Firmin na sanduku moja. Tulimsindikiza mpaka pale wasafiri wanapotengwa na wanadamu wengine. Akampa Diane mkono, akambariki. Akampa Jean-Claude mkono, akamwambia apunguze kucheka. Kwangu mimi tulisimama tu. Njia ilishatolewa, kusema tena ingekuwa kuipigia mnada. Akaanza kwenda. Akarudi. Akaigeuza kola ya koti langu, ilikuwa imekaa vibaya, akaipigapiga, akaenda kweli.

Sikulia. Aliyelia ni Jean-Claude. Nikamwazima leso yangu. Akasema imelowa. Nikasema ndivyo ninavyoipenda.

Tuliporudi niliugonga ukuta kama kawaida, kumwuliza kama amekula. Halafu nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Jumanne, 18 Oktoba

Firmin amepiga simu! Sauti iko karibu, kama yuko hapo jirani, jambo ambalo ni utapeli wa simu. Anasema amefika salama. Anasema masikio yanauma kwa baridi. Murielle amemnunulia koti kubwa la dukani. Amelifumua lote, analishona upya. Anasema mtoto humtazama akila, analia, halafu anamwongezea. Nikasema vizuri. Nikasema mimi sina nafasi hata ya kupiga chafya, wageni hawaniishi. Alikuwepo Diane tu, ananinyoa.

Kisha akasema, hivi hivi, kama mtu anayetaja chumvi, kwamba ghorofa ya chini amepata mzee wa drafti. Mtu wa Buyenzi, mtaani kwetu kabisa! Anaitwa Mwadini. Anacheza vizuri. Hadanganyi.

Hadanganyi! Sasa huo ni mchezo gani?

Nikamwambia asimzoee huyo. Nikamwambia ile njia ya Jumamosi ilikuwa ya kuazima, sikumpa kabisa, na cha kuazima mwenyewe akikihitaji hurudishwa. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alicheka, lakini hakukataa. Nimemwuliza Diane naye amekiri: hakukataa.

Nimemwuliza Jean-Claude mtu akiondoka kwa gari alfajiri, Kanada anafika lini. Anasema katikati kuna bahari. Kijana huyu hukata tamaa upesi.